Aliyemkata Haro ni Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekuwa mwanamume! Kaka Vagi na kundi lake wameivamia boti ya Wakerema iliyojaa magunia ya popoo za kutafuna, asubuhi kweupe, hapa hapa Moresby. Mimi niliambiwa nishike mashine ya boti yetu tu. "We dogo, ukishuka nakuvunja mguu." Sawa, bosi. Lakini Haro, mwenye boti, akamkaba Vagi shingo mpaka macho yakamtoka. Wenzake Vagi wanapiga kelele tu — mashujaa wa midomo! Nikaruka na panga. Pigo moja, juu ya kiwiko. Mkono ukabaki kuning'inia kwa ngozi. Damu magunia yote.
Vagi akaninyang'anya panga. Wakerema wa ufukweni walipogeuka, wakamwona nalo yeye.
Nilitapika. Kidogo. Ni mawimbi.

Jumanne, 5 Machi
Bombani vijana wanamsifu Vagi: simba! Nikasema, simba ni mimi, nimekata mimi. Walicheka mpaka ndoo ya binamu Sere ikamwagika. "Gavera huyu huyu? Si ndiye aliyemuua papa kwa ngumi?"
Haya, ya papa nilitia chumvi. Lakini hili?

Jumatano, 6 Machi
Wakerema wamelipiza. Hawatafuti mkono uliokata, wanatafuta ukoo, ndivyo ilivyo hata kwetu. Wamemkuta Sere bombani. Hata kwenye boti hakuwepo. Wamemponda magoti yote mawili kwa nondo. Nilimsikia kutoka hapa ndani. Nilidhani nguruwe anachinjwa.
Sitaki kuandika.
Mjomba Morea kaenda kusuluhisha. Wamekubali nguruwe kumi, Haro akipona, kisha pande zote zitafune popoo pamoja, yaishe.

Ijumaa, 8 Machi
Haro amekufa.

Jumamosi, 9 Machi
Mjomba karudi mdomo umepasuka. Nguruwe hawataki tena. Magoti ya Sere hayatoshi. Wanamtaka aliyekata mwenyewe, leo, maji yakipwa. La sivyo wanachoma. Nyumba zetu zote mbao tupu juu ya nguzo, zimebanana kama meno — ikishika moja zimekwisha zote.
Vagi akasema, nitaenda. Basi. Anatafuna popoo yake kama kaitwa kucheza mpira.
Nikasimama. "Mjomba, aliyemkata ni mimi."
Kofi! "Leo siyo siku ya majigambo yako, we mtoto!"
Nikaeleza kila kitu: shingo ya Vagi, kiwiko, ngozi. Akasema hayo hata watoto wa bombani wanayajua. Na nani aliyewaambia? Si ni mimi!
"Vagi, waambie!"
Vagi akacheka, meno mekundu kwa popoo. "Dogo kamaliza papa, sasa kahamia kwa watu." Wote wakacheka. Mtu anakwenda kufa, na wanacheka! Lakini Vagi aliniangalia muda mrefu, hacheki tena.
Mama peke yake hakucheka. Kanivuta jikoni, kanishika masikio yote mawili.
"Najua ni wewe. Tangu nilipofua damu kwenye kaptula yako. Nyamaza."
Nikamwambia, Mama, watamuua.
"Najua."
Halafu tena, taratibu: "Nyamaza, mwanangu."

Maji yamekupwa. Wako ufukweni, kama arobaini, mapanga na nondo. Wanaita, "Vagi! Vagi!" Kashuka kwenye daraja la mbao, fulana ya kanisani, mikono mitupu. Hakimbii wala hachelewi.
Mama kakaa mlangoni, mgongo umeziba njia yote.
Hapa sakafuni kuna ubao umelegea. Chini ni matope tu. Kichwa kinapita, nimepima. Hata nikifika watasema naongopa. Basi nitawaonyesha alivyosimama Haro, na mimi nilivyosimama, hilo nani mwingine analijua —
Msumari mmoja umetoka.
Vagi kafika katikati ya daraja.
Wa pili umelia, kwi! Mama amesikia, mabega yamemshtuka.
Hageuki.