Simu ya Derlis Haipokei Tena Asante

Jumanne, 3 Desemba

Simu ya Derlis kimya. Tangu Juni! Naichaji kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri la chipa, vimkate vyangu vya jibini, naifuta vumbi, naiweka chini ya picha ya Bikira Maria wa Caacupé. Mwanangu yuko kaburini mwaka wa pili sasa, lakini watu walikuwa bado wanamwandikia kuhusu programu yake ya kupima kina cha mto — wa Formosa na Corrientes huko Argentina, hata Mjerumani mmoja. "Programu yako imetuonya mto unapanda, tumehamisha magodoro mapema, asante." Jumbe zao nilizisoma kwa sauti, kama vile yumo chumbani. Sasa hakuna. Nimemwomba Nilda, binti wa kaka yangu, mwalimu wa kompyuta, aje aiangalie. Labda imeharibika.

Jumatano, 4 Desemba

Haikuharibika.

Nilda alikunywa tereré, chai yetu ya baridi, bila kunitazama usoni. Nikajua lipo jambo. Kumbe watu wamehamia programu nyingine, yenye kasi zaidi. Ni ileile ya Derlis, imeandikwa upya kwa lugha nyingine ya kompyuta. Hata zile sentimita kumi na saba zimo! Boti iligonga nguzo ya vipimo hapa bandarini, nguzo ikadidimia kiasi hicho, ndipo Derlis akawa anapunguza kumi na saba kwenye kila hesabu. Nani mwingine angejua?

Nikauliza, kwani imekatazwa? Haikukatazwa, akasema. Derlis mwenyewe aliweka leseni: chukua, badilisha, hata uza. Sharti moja tu — ile hati fupi yenye jina lake iende nayo popote. Hati haimo. Jina lililomo ni moja, Osmar Cabañas.

Osmar. Rafiki ya Derlis, aliyekula mezani kwangu miaka minne. Aliyebeba jeneza upande wa kulia.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimempigia. Alifurahi kunisikia, akauliza kama goti bado linanisumbua. Nikaona aibu hata kuanza. Nilipoanza alicheka kidogo, bila ubaya. Eti hakuna hata herufi moja ya Derlis iliyobaki mle.

"Mama, ningenakili ningeweka jina lake. Sikunakili. Nimeandika kila mstari kwa mkono wangu."

Mimi niliishia darasa la sita. Nikamwambia goti linaendelea vizuri.

Jumapili, 8 Desemba

Misa ya Bikira. Somo la pili lilisomwa kwa Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani. Mle hamna hata neno moja ambalo Paulo alilitamka kwa kinywa chake. Lakini kabla ya yote msomaji alisema: barua ya Mtume Paulo kwa Waefeso. Aliyeitafsiri kahangaika nayo, Mungu amlipe, ila hakuiita yake.

Nikalia palepale. Mama wa benchi la nyuma akanipa leso, akidhani ni ibada. Labda ni ibada kweli.

Jumatatu, 9 Desemba

Nilda alinifungulia, kwenye simu ya Derlis, mahali watu wanapoandika malalamiko kuhusu programu ya Osmar. Kisha akaenda kutazama chipa zisiungue. Nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:

"Osmar mwanangu, hujambo? U mzima? Huku tunamshukuru Mungu, ila goti linaniuma, sikukwambia kweli. Barua ya Paulo kwa Kiguarani bado ni ya Paulo. Kazi yako ni nzuri, jina lako libaki. Mrudishe na Derlis, pamoja na hati yake. Tafadhali nijibu mapema."

Nikabonyeza.

Nilda akarudi na unga mikononi, akasoma, akashika kichwa. Sikuweka jina langu! Simu ni ya Derlis, na pale anayejulikana ni Derlis. Basi ujumbe umetoka kwa jina lake, na picha yake pembeni, ile ya shati la bluu. Yeye ndiye anayemsalimu Osmar, anayemuulizia afya.

"Shangazi, nifute? Atashtuka."

Nikamtazama mwanangu katika kile kipicha. Miezi sita jina lake halijaonekana popote.

"Liache," nikasema.

Simu nimeirudisha chini ya Bikira, kioo juu. Nilda ameondoka, nayo simu bado kimya. Nimemtengea Osmar chipa nne, zile zilizokauka pembeni, anavyozipenda. Nijibu mapema, mwanangu.