Harusi Itasubiri Dawa

Mjukuu wangu mpendwa Neema,

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Hapa Karatu sote tu wazima, na dada yako anajiandaa kwa harusi yake. Umeuliza kama utatuaibisha ukija na methadoni, dawa inayokusaidia kuachana na heroini.

Ujanani, nikitibiwa kifua kikuu katika hospitali ya Endulen, nilikwenda Oldeani kwenye harusi ya kaka yangu, vidonge mfukoni. Saa ya dawa ilipofika nikavitoa; nyanya yake bibi harusi aliponiona, akasimamisha ngoma.

“Bwana harusi, ngoja mgeni ameze dawa. Mke umeshapata, unakimbilia wapi?”

Nilimeza nikicheka.

Tafadhali, waombe kliniki mapema wakupangie dozi za safari, kisha uje. Ngoma yetu nayo itakusubiri.

Akupendaye,
Babu Paulo