Kwa Kocha, na kwa Mkono Uliokukanda

Mwaka umekatika, Kocha, tangu ulipoanguka kati ya kitanda na mlango wa msala wa wodi, na bado hatujazoea kusema "alikuwa".

Ulikuwa mtu wa ngumi. Miaka ishirini na miwili uliwafundisha watu kupigana kwenye ukumbi ule wa bati, wenye magunia matatu ya mchanga na jukwaa la mbao linalolia kila kona. Ukimvunja mtu pua, ulimpeleka hospitali mwenyewe kwa pikipiki, ukimtania njia nzima. Maneno matamu hukuwa nayo. Mtu akichapwa ulimwambia, "Leo umejitahidi kupigwa," naye kesho yake alirudi.

Na kila baada ya pambano uliwakanda. Ulipiga magoti sakafuni, ukalishika shavu la mguu, ukalisukuma kwa vidole gumba kutoka kisiginoni kwenda juu, mpaka mtu na ndevu zake akaomba msamaha. Mdogo wako, Nyundo, alijifunza kwako kupiga, lakini alichojivunia ni kukanda. Alisema hata wewe ulikiri kwamba amekuzidi.

Kisha kikaja kirusi. Siku tano ulikiita mafua, ukagoma kupimwa. Siku ya sita ngazi tatu za nyumbani zilikushinda. Wodini ulipigana na barakoa ya oksijeni, ukaing'oa mara mbili, na mkeo akakufokea kuliko muuguzi. Siku ya tisa homa ilishuka, tukajua umevuka. Mguu wa kushoto tu ndio ulikuwa umevimba, na ulikuwa wa moto.

Siku hiyo zamu ya kukaa nawe ilikuwa ya Nyundo. Ulimwambia msuli umekaza, akukande. Alipoanza taratibu ukamkejeli: "Weka nguvu, bwana. Unampapasa nani?"

Akaweka nguvu. Dakika kumi, ukasinzia kwa raha. Ukaamka uende msalani, ukapiga hatua nne, ukashika kifua, ukakohoa damu ukutani na kuanguka kifudifudi. Kidevu kilipasuka.

Daktari na wauguzi walikugandamiza kifua nusu saa nzima, mbavu zikaalika. Daktari aliponyanyuka, jasho likimtiririka, aliuona mguu unaong'aa mafuta, akauliza nani ameukanda. Nyundo alimjibu kwa ngumi. Meno mawili yalitoka. Akavunja kioo cha dirisha, akang'oa chuma cha dripu, na walinzi watatu wakamlaza sakafuni ubavuni mwako. Haya hatukuyasema msibani. Tuliwaambia watu ni mapafu, basi.

Wiki ile Nyundo alifungua ukumbi peke yake. Magunia hakuyagusa. Aliipiga nguzo ya zege kwa mikono mitupu mpaka mifupa ikavunjika, kwanza ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mama alimkuta ameketi jukwaani, damu hadi kwenye viwiko. Akamwambia, "Mama, mikono hii imemuua." Mama akaifunga kwa kanga yake.

Daktari alikuja nyumbani mwenyewe, mdomo ukiwa bado umevimba. Hakuja kushitaki. Alitueleza kwamba ugonjwa ule ukizidi, huumiza kuta za mishipa. Mwili hudhani umejeruhiwa kila mahali, na damu huanza kuganda pasipo na kidonda. Sindano za kuizuia ulichomwa, ila ugonjwa ulikuwa umezitangulia. Picha ya kifua uliyopigwa asubuhi ya siku ile, iliyomfikia ukiwa umeshaanguka, ilionyesha mabonge ya damu tayari yamo katika mapafu yote mawili.

Nyundo hakutaka kubembelezwa. Alimkazia macho akauliza, "Nisingemkanda, angeishi?"

"Sijui," daktari alisema. "Mguu uliovimba hivyo haukandwi, bonge la damu linaweza kung'oka likapanda mapafuni. Sisi ndio tuliopaswa kuwaambia, na hatukuwaambia."

Ndipo Nyundo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ulipotutoka, ameegemea bega la mtu aliyempiga.

Tumeyasema haya hadharani makusudi, Kocha. Mwenye mgonjwa wa namna yako, akiuona mguu umevimba, amwite muuguzi kwanza, mafuta ayaache kabatini. Ungekuwepo, ungewaambia kwa ukali zaidi.

Nyundo alikataa kutajwa hapa. Mkeo alimwambia bila yeye hakuna tangazo hili la kumbukumbu yako. Walizozana mpaka meza ikapinduliwa na Mama akawatishia wote wawili kwa mwiko. Mwisho alichukua kalamu, akaishika kwa shida kwa vidole vilivyounga vibaya, akaandika mstari wake mwenyewe. Hatukubadilisha neno.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi, sisi tunaokukumbuka: mama yako, mkeo, dada yako, binti zako wawili, mabondia wote wa ukumbi wako,

na mdogo wako, niliyekukanda kwa sababu uliniomba.