Kiti ya mulombwa mubichi

Mama Feza,

Hii karatasi nimeiacha pa kiti. Usitafute meza, nimeibeba ku atelie. Maharagi iko pa moto, pa mbabula. Feza anywe dawa yake.

Ile kiti kubwa ya commissaire, nilibaambia bantu ba Parti mbao ya mulombwa iko mubichi, nikiipasua machine inatoa maji mahali pa vumbi, tungoje ikauke. Banasema kungoja ni kukataa. Na wewe ukasema niseme ndiyo. Nikasema ndiyo.

Asubuhi hii nimekuta mugongo ya kiti imepasuka. Ufa imekata ule mukono nilichonga, unaoshika mwenge wa Parti, katikati kabisa. Batasema nimefanya makusudi. Saa sita batakuya kuichukua.

Mbao kavu ya mugongo mupya sina ingine, ni meza yetu tu. Najua ni baba yako alitupa. ~~Nitakutengenezea ingine muzuri kupita~~ Leo nisikuahidi kitu.

Batoto bakule chini, ubaambie ni kama siku kuu. Kama jua inaingia na sijarudi, ubabebe uende kwa ndugu yako kule Mokambo, pa mupaka. Usipite ku atelie kuniuliza.

Karatasi hii uichome chini ya maharagi, kabla majirani bakuye.

Baba Feza