Samaki Aliyevaa Msiba

3 Machi

Binti yangu Losa,

U mzima huko mjini Alotau? Mjukuu wangu je? Mimi kifua tu, na usingizi umenikimbia tangu tumzike mama yako. Wajomba zako wameufunga mwamba wake wa baharini, kama desturi yao: hakuna kuogelea wala kuvua mpaka karamu ya kuondoa matanga. Hata mimi mumewe nakaa ufukweni natazama tu, na hizi nguo nyeusi zinavyovuta jua, we acha!

Kitu kimoja kinanifariji. Unawakumbuka wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, wanaojificha kwenye ua la baharini? Maji yakipwa namwona mmoja ukingoni, mweusi tii, mdomo tu ndio wa chungwa. Juzi nikamuuliza, "Kumbe na wewe umefiwa?" Watoto wakanicheka.

Baba yako.

20 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na kifua. Mtoto hajambo, ananyonya vizuri. Tabu ni kazi.

Nilimsomea bosi barua yako ili acheke, kumbe najichongea. Unajua banda letu linapeleka samaki hai ng'ambo, na weusi kama huyo wanagombewa. Kasema nimletee, la sivyo nafasi yangu anampa mwingine. Baba, mwenzangu kaingia mitini, na mimi ndiye mama, ndiye baba. Ni samaki mmoja tu. Mjomba Daniela atajuaje?

Nisamehe kwa kukuomba hivi.

Mwanao Losa.

6 Mei

Losa mwanangu,

Hamjambo? Samaki alifika? Nilimpa shangazi yako aliyekuwa anashuka sokoni huko Alotau na viazi vikuu vyake. Samaki hakunisumbua hata kidogo. Alinizoea, akaingia mwenyewe kwenye kikombe, na hilo ndilo linaloniuma.

Daniela alinikuta natoka majini na kile kikombe. "Shemeji, matanga hayajaisha, umeshaanza kumuuza dada yangu?" Mwamba ni wa ukoo wao, na wewe ni wao kwa mama yako. Mimi nilikuja kuoa tu. Wamenivua nguo nyeusi mbele za watu, wakanirudisha kisiwani kwetu kwa boti. Kaburini nisikanyage tena. Jina lako sikulitaja.

Mbona huandiki?

Baba yako.

19 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui hata niulize vipi hali yako. Nimekaa kimya kwa aibu.

Samaki amebadilika. Alianza kupauka kwenye tangi, sasa ni wa chungwa kama wenzake wote. Bosi anasema weusi ule unatokana na jinsi ua la mwamba wetu linavyomwasha. Ukimtoa pale, rangi inaondoka. Alinifokea banda zima likisikia: "Hawa wa kawaida ninao mia!" Kisha akanifukuza, akasema samaki nikamkaange.

Ninaye ndani ya ndoo, namchotea maji ya bahari kila asubuhi. Nimekukosesha kaburi la mama kwa ajili ya hiki kisamaki. Nifanye nini, baba? Niambie lolote, hata ukinitukana.

Losa wako.

30 Julai

Mwanangu,

Sikutukani. Nani atanilelea mjukuu nikikutukana? Mimi nipo. Ndugu zangu wananilisha vizuri, ila wananiita mgeni, na kweli ni mgeni.

Panda boti uende nyumbani kwa wajomba zako na ndoo yako. Mweleze Daniela yote, usifiche. Atabwata mpaka mate yamkauke, lakini wewe ni damu yao, atakupisha. Mimi hata nipige magoti hanipishi. Mwachilie samaki palepale kwenye ua lake, kisha usiondoke upesi. Kaa pale ufukweni nilipokuwa nikikaa, umtazame siku kadhaa.

Akianza kuwa mweusi tena, niandikie siku hiyohiyo. Nataka kujua kwamba kati yangu na samaki huyo, mmoja amekubaliwa kurudi matangani.

Baba yako.