Ezéchiel wa Sange

Uvira, Kimanga
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Kwako yaya, dada yangu mkubwa Célestine,

Pokea salamu zangu na za mtoto wetu Olive, ambaye ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akisema anapiga mluzi bila kutaka. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Je, weye na watoto hapo Kiringye muko salama? Mpunga umeingia wote nyumbani, au ndege wamechukua fungu lao? Na goti la mama limepoa? Rafiki yangu Dorine anakwenda soko la Sange kesho, nikaona nimpe barua hii akupe hukohuko sokoni, maana habari zenyewe hazisemeki kwa simu huku mume wangu akisikia.

Ni habari za shemeji yako Marcellin. Tulia, hajaoa mwanamke wa pili. Angeoa ningejua pa kuanzia.

Kazi yake unaijua: kuchonga vyuma vya injini za mitumbwi na vya pikipiki, kule atelie, karakana ya Kalundu. Lakini tangu mwaka jana moyo wake umehamia kwingine. Aliingia katika kundi la WhatsApp la watu wanaopenda bastola kubwa, zile nzito zenye silinda inayozunguka. Wengine ni wawindaji wa Katanga, wengine mafundi wa Ulaya. Hawauzi wala hawanunui, wanabishana tu: chuma kikubwa namna ile kitobolewe vyumba vingapi vya kuwekea risasi, na viwe vya risasi gani mpya ambayo hakuna aliyeifikiria. Marcellin hana bastola na hajawahi kuishika. Hapa kwetu watu wamechoshwa na silaha, nawe unajua. Yeye anachora kwa penseli, akisema anawafikiria walinzi wa pori wanaokutana na kiboko ghafla ndani ya matete.

Mwanzoni nilikuwa nikiketi karibu naye. Hujasahau kwamba minye pia nilisoma mekanike, darasa moja naye. Siku moja nilimwonyesha kwamba kuta kati ya matundu ya silinda yake zilikuwa nyembamba mno. Akanijibu, bila kuinua kichwa, kwamba niangalie maharage yasiungue.

Baadaye akatokea katika kundi lile muntu anayeitwa Ezéchiel, aliyejitambulisha kuwa fundi wa Sange. Wenzake wote walikuwa wanashindana kuongeza: risasi nene zaidi, ndefu zaidi, baruti nyingi zaidi. Ezéchiel akauliza kwa nini isiwe kinyume. Wachukue bastola ileile kubwa, akasema, lakini waitobolee vyumba vya risasi ndogo kidogo. Kuta zitabaki nene, uzito wa chuma utameza mshtuko, na mlinzi anayetetemeka ataweza kulenga tena. Kinu kizito hakiruki, akaandika, hata kama anayetwanga ana hasira. Wawindaji walimcheka, wakasema huyo anatafuta bastola ya kuulia panya. Marcellin peke yake ndiye aliyemtetea.

Tangu siku ile nyumba yangu ina mgeni asiyeondoka. Tukila ndagala, Ezéchiel amesema hivi. Tukitoka misa, Ezéchiel angependa mahubiri yale. Nikinyamaza ananiambia kwamba ningejua mayele, akili za mtu yule, nisingenyamaza. Niliposuka nywele upya hakuona. Lakini Ezéchiel alipokaa siku mbili bila kuandika, chakula kilimshinda. Jirani yetu Jolie alimkuta mlangoni akichekea simu, akanitania kwamba bwana amepata bibi mdogo. Nikamwambia huyo ni mwanaume. Akasema basi pole sana, maana mwanamke mwenzako mutakutana bombani muvutane nywele, lakini mwanaume utamfanya nini? Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia juu ya masufuria.

Wivu, yaya, nilidhani ni ugonjwa wa wengine. Nilikuwa nayasoma maneno ya Ezéchiel na kuyarudia, nikiyatafutia kosa, nisilipate.

Alhamisi Marcellin alirudi na sura ya sikukuu. Akasema Jumamosi anakwenda Sange kumtafuta Ezéchiel, waonane ana kwa ana, na atabeba michoro yake yote. Niliogopa. Bariere za askari za njia ile unazijua kuliko mimi. Mtu akikutwa na michoro ya bastola ndani ya shati, atamweleza askari gani kwamba ni ya kubishania tu? Nikamwomba aiache nyumbani. Akakataa, akisema kwa mtu kama yule haendi mikono mitupu. Nikamwambia huenda Ezéchiel hayupo. Hapo aliniangalia vizuri, jambo ambalo hakuwa amefanya kwa miezi, akasema kwamba namwonea wivu rafiki yake. Ilikuwa kweli.

Sasa yaya, haya usimsomee mama. Ezéchiel ni minye. Nilitafuta simkadi nyingine, nikaingia kundini kwa kiungo nilichokitoa katika simu yake, nikajiita fundi wa Sange, kwa sababu nilitaka mume wangu anijibu mara moja tu kuhusu zile kuta. Akanijibu, tena kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nikiitwa Laurette. Nikashindwa kuacha. Kila alipomsifu yule nilifurahi kidogo na kuchukia sana.

Jana asubuhi, amekwisha kuvaa viatu na taksi-moto inanguruma nje, nilimpa simu yenye maneno yote ya Ezéchiel. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akamwambia mwenye pikipiki aende zake. Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza tu kama kuna mwingine anayejua, nikasema hakuna. Akaketi bila kuvua viatu mpaka adhuhuri.

Jioni aliweka mchoro juu ya meza, akaniuliza ukuta huu ninauona namna gani. Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mstari, akauchora nilivyosema. Halafu akaguna, akasema kwamba Ezéchiel angelieleza vizuri zaidi. Hakuwa anatania. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Leo tangu tutoke misa ameshika simu yake, anaiangalia, anaiweka, anaishika tena. Simkadi ile ingali kwangu. Sijui nimwandikie tena kama Ezéchiel, yaya, au nimwache yule mtu afe. Namwonea wivu hata sasa.

Mpe mama mkono wangu, na watoto wote uwabusu mmoja mmoja. Dorine atalala Sange kabla ya kurudi, kwa hiyo ukiwa na neno la kuniambia, mpe yeye.

Ni minye mdogo wako,
Laurette