Jua la Dada Zuleikha

Mtaa wa Shella,
Malindi.
14 Agosti 1984

Mpendwa Dada Zuleikha,

Shikamoo. Hujambo huko Jeddah, na joto lake mnalivumiliaje? Shemeji Abdillahi na watoto wazima? Huku tu salama, ila jino langu linanisumbua, na mke wangu Harusi anasema ni malipo ya halua ninayokula kwa siri.

Dada, picha uliyoniagiza imenitoa jasho. Uliandika nikuchoree ufuo wetu, jua likizama baharini, kama jioni ile ya mwisho ulipoketi na marehemu Mama, akakufunika leso yake kwa kuwa mchanga ulikuwa baridi. Kesho yake asubuhi Shangazi akakuchukua kwenda kukulea kwake, nawe una miaka saba, na Mama hakutoka nje kukuaga. Jambo hilo umelirudia katika barua zako tangu nijue kusoma. Siku uliyochukuliwa mimi nilikuwa bado nanyonya.

Basi nikaketi barazani, nikachora. Kazi yangu waijua, ni vibao vya maduka: mteja akitaka kuku mwenye miguu mitatu, nampa. Nikatia rangi ya chungwa, nikatia nyekundu, jua nusu limo majini. Nikajisifu mwenyewe.

Akapita Kiponda, muuza samaki, akasimama kutazama.

"Zein, hili jua lako limepotea njia? Kwetu huchwea bara."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nimezaliwa hapa, na nimechora bila kutazama! Jioni hiyo nikaenda ufuoni kuhakikisha. Jua likashuka nyuma yangu, nyuma ya nyumba, upande wa Ganda. Bahari mbele ikabaki ya kijivu. Nikavua viatu: mchanga ulikuwa bado na moto wa mchana. Hapo hamu ya kujua ikaniwasha kama upele. Jua majini, mchanga baridi, leso. Uliona nini wewe?

Nikarudi kesho yake baada ya sala ya Alfajiri. Mchanga ulikuwa baridi, hata nikavaa viatu tena. Halafu jua likatoka majini, jekundu, vile vile ulivyolieleza.

Sikungoja chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mishi, jirani yetu aliyekuwa shoga wa Mama. Akanitazama kama mtu aliyechelewa kuuliza.

"Mwanangu, haikuwa jioni. Ni asubuhi ile ile ya safari. Mamako alimtoa mwana usingizini, wakaenda pwani wawili tu. Alinambia, mbele za watu sitaweza kumuaga. Gari lilipokuja alikuwa kajifungia ndani, analia."

Mama alikuaga, Dada. Alikuaga kabla ya watu wote, nawe ulikuwa na usingizi. Naandika haya machozi yakinitoka, wala sioni aibu.

Bi Mishi anakusalimu sana, na anauliza kama bado unaogopa kaa. Harusi naye anakusalimu. Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono. Mungu amrehemu Mama, nanyi awaweke katika afya na utulivu.

Picha inakuja na mwenda Umra wa mtaani kwetu. Jua sikuligusa. Nyuma nilikuwa nimeandika "Machweo, Shella". Nimefuta neno moja tu, nikaandika "Mawio".

Wako akupendaye,
ndugu yako,
Zein